Kinanda Nyuma ya Ukuta

Mwanga uliingia nyumbani kwako kwa tundu moja, upana wa kidole, na ndani ya mwanga ule vumbi lilicheza.

Sikuliona mwenyewe. Wayua ndiye aliyenisimulia, zamani, tulipokuwa bado tunasimuliana mambo: kwamba ufito mmoja wa ukuta wa mashariki ulioza, udongo ukabanduka, na tangu hapo kila asubuhi jua huchungulia ndani kama jirani mmbea. Vumbi la upande wenu si jekundu kama la Ruiru. Ni la kijivu, limechanganyika na makapi ya katani, linawasha pua, linaingia kwenye uji. Liliingia pia kwenye kinanda chako cha santuri, mama, na mambo yote yalianzia hapo.

Nakuita mama. Jina lako ni Kalondu, na nimeliandika kwa sababu karatasi haina aibu. Mdomo wangu haujalitaja hata siku moja. Kwetu Wakamba mkwe hataji jina la mama wa mkewe, haingii alimo, hamtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Tunaiita nthoni. Miaka mitatu nilikaa na binti yako bila kuiona sura yako. Nilikujua kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa kisogo kilichokuwa kikipotea kati ya mikonge.

Mchungaji alikwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Ulimjibu kwamba kanisa ni la Jumapili na nthoni ni ya siku saba. Basi ukuta ulikuwa kati yetu, na ukuta ulitutosha.

*

Mimi ni fundi wa vinanda. Si fundi wa saa, si fundi wa cherehani, ingawa mafuta ya cherehani ndiyo ninayotumia, tone moja, halafu ninapangusa nusu ya tone.

Aliyenifundisha ni Jeconia, Mkikuyu wa Ruiru, mzee wa vidole vifupi aliyekuwa akikaa kwenye baraza ya duka karibu na stesheni. Alikuwa na ulimi mkali kama kiwembe cha jana: unakata, lakini unachelewa. "Atiriri, Mkamba," alikuwa akiniambia, "sikiriza mbere ya kushika. Kinanda ni mgonjwa asiyejua kudanganya." Aliniambia sindano ni ya wimbo mmoja, ukiirudia itakula santuri kama panya alavyo sabuni. Aliniambia ndani ya kinanda mna Gavana, kidude chenye vipande vitatu vya risasi kinachozunguka ili wengine wasikimbie. Kisha akacheka peke yake, akatazama huku na huku. Ilikuwa miaka ya kutazama huku na huku.

Na springi. Kuhusu springi hakutania. Aliniambia: springi ni mkanda wa chuma, mrefu kuliko mtu, umekunjwa ndani ya kopo dogo, na umekasirika. Usiguse kitu chochote humo ndani kabla hujaulegeza. Shika hendeli kwa mkono mmoja, inua lile jino linaloizuia kwa mkono mwingine, irudishe nyuma mzunguko mmoja. Tik. Mwingine. Tik. Kinanda kilichojaa kina tik arobaini. Kila tik, gonga kidole mezani. Kichwa kinasahau, mwanangu, kidole hakisahau.

Nikagonga. Miaka mingapi nikagonga, mpaka kidole kikawa kinagonga bila kuniuliza.

Mwaka wa hamsini na nne askari walikuja na malori kuwakamata Wakikuyu. Jeconia alipanda akiwa ameweka mikono kichwani, na kitu cha mwisho alichonipigia kelele hakikuwa kwaheri. "Ficha bisibisi ndogo!" Nilificha bisibisi ndogo. Nilificha na sanduku lote. Mkewe alipokuja kuliulizia, wiki ya pili, nikamwambia askari walilichukua. Alinitazama, akafunga leso yake vizuri, akaondoka.

Nakusimulia haya, mama, ili ujue ni mtu wa namna gani aliyemwoa binti yako. Lakini nadhani ulijua.

*

Wayua aliondoka kwangu mwezi wa pili wa mwaka wa hamsini na sita. Mtoto wetu Mukonyo, miezi minane, alishikwa na homa, na mimi nilikuwa Ruiru kwenye shamba la kahawa, nikimtengenezea meneja Mzungu kinanda chake. Ujumbe ulinifikia siku ya kwanza. Nilisema kesho. Siku ya pili nilisema kesho. Siku ya tatu nilirudi nyumbani, Makongeni ya Thika, na mkebe wa biskuti, nikakuta chumba kimefagiwa, jiko limepoa, na kanga ya kumbebea mtoto haipo msumarini.

Mtoto alipona mikononi mwako. Hilo sijalisahau, na ulihakikisha silisahau.

Miezi minne nilitembea kutoka Thika kuja kwako, kipande cha kitambulisho mfukoni, nikipita kando ya mikonge hadi kwenye wembamba wa njia ambapo mlima Kilimambogo unauona wote. Nilikaa nje ya ua wako kama mbwa wa jirani. Wayua alikuwa kazini, kiwandani kwa katani, na aliporudi ulimpitishia nyuma. Nilisikia mtoto akilia. Nilisikia mtoto akicheka. Kicheko kiliniuma zaidi.

Kabla ya siku hizo ulikuwa ukiniita Baba Mukonyo. Sasa, kwa sauti ya kutoka ndani, ya kupitia ukutani, uliniita fundi. "Fundi bado yuko?" uliuliza hewani. Fundi alikuwa bado yuko.

*

Halafu kinanda kikafa.

Benta, mke wa mlinzi wa katani, jirani yako, ndiye aliyeniletea habari huku amejishika kiuno. Alisema: mama amesema hivi. Kinanda cha Mwanzia kimenyamaza. Ukikifufua, utamchukua mke wako na mtoto wako. Usipoweza, usikanyage tena pale.

Mwanzia alikuwa mwanao. Alikwenda Burma na jeshi, akarudi na kinanda kwenye kasha jeusi na santuri tatu, akaishi mwaka mmoja na nusu, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Santuri mbili zilivunjika. Iliyobaki ilikuwa na ufa, kwa sababu yeye mwenyewe aliiangusha siku aliyofika, akicheka, akitaka kukuonyesha. Wayua aliniambia kwamba hukuwahi kuusikiliza wimbo. Ulikaa umeinamisha kichwa, ukingojea ufa. Sindano ilipoufikia, kinanda kilisema pa, pa, pa, na wewe ulikuwa ukiitikia, "Eeh, Mwanzia." Pa, pa, pa. "Eeh, baba."

Najua vizuri ulichokuwa unaniomba. Nilijua hata siku ile.

Nikatuma jibu: nipe kinanda nikipeleke mjini. Ukakataa. Kinanda hakitoki nyumbani. Basi utoke wewe, uende kwa Benta saa mbili, niingie. Ukakataa zaidi. Ulisema mafundi wa Thika wanatoa springi nzuri na kutia mbovu, na mtu huja kugundua siku fundi ameshahama. Hukukosea. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili, na mara moja nilimfanyia mwalimu.

Kwa hiyo ukaamua mwenyewe, kwa kichwa chako kigumu ambacho Wayua alikirithi: utakaa ndani na kinanda, mimi nitakaa nje nyuma ya ukuta. Mimi nitakuwa mdomo. Wewe utakuwa mikono. Nthoni haitavunjwa, kinanda hakitaibwa. Benta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutumaini.

*

Nilifika asubuhi, siku ya Jumanne, wakati Wayua alipokuwa kazini na mtoto amelala kwa Benta. Nikampa Benta bisibisi ndogo ya Jeconia, kitambaa cha flana, kichupa cha mafuta. Akakuingizia, akarudi kwake. Nikakalia jiwe, mgongo kwenye ukuta.

"Fundi," ulisema, "unanizibia mwanga. Sogea."

Nilikuwa nimeziba tundu. Nikasogea. Jua likapita begani kwangu, likaingia kwako, nami nikajua kwamba sasa mwanga uko mikononi mwako na vumbi linacheza humo. Ningeweza kugeuka. Tundu lilikuwa hapo, kipimo cha jicho. Sikugeuka. Niliweka sikio.

Watu husema kuta zina masikio. Ule ulikuwa na langu.

"Kinafanyaje, mama?"

"Hakifanyi kitu. Nilikizungusha kikakataa kuimba. Nikakizungusha tena. Nikakijaza mpaka hendeli ikagoma."

Kila mtu hufanya kosa hilo. Kinanda kikikataa, wanakiongezea nguvu. Gavana alikuwa amekabwa na vumbi lenu la kijivu na mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Springi haikuwa na ugonjwa wowote. Springi ilikuwa nzima, imejaa, imekasirika, ikingoja. Nilikiona kinanda chote kichwani mwangu. Nimeona vitu vichache katika maisha haya kwa uwazi ule.

Nikakuelekeza. Ondoa santuri, iweke kitandani, si chini. Inua sahani inayozunguka, ivute juu kwa mikono miwili, bila kuitikisa. Imetoka? Imetoka. Chini yake kuna ubao, una skrubu nne pembeni. Zitoe, uziweke kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Nikasikia ng'ara, ng'ara, ng'ara, ng'ara. Ulikuwa na mikono mizuri, mama. Nilikuwa na mwanafunzi Makongeni aliyejifunza miezi sita ambaye hakuwa na mikono kama yako.

"Inua mtambo wote, uulaze ubavu. Unaona kopo?"

"Naliona."

"Humo ndimo springi ilimo. Usiliguse. Kando yake kuna jino dogo."

"Naliona."

Nikakuambia kuhusu arobaini. Hilo nilikuambia, na mbele ya yeyote nitaapa kwamba nilikuambia: shika hendeli kwa nguvu, inua jino, rudisha mzunguko mmoja mmoja, mpaka mwisho, mpaka hendeli itikisike kama jino la mtoto. Usifanye jambo lingine lolote kabla ya hapo.

Tik.

Tik.

Nilifumba macho. Kidole changu kiligonga ukuta.

*

Baada ya tik ya sita, ukaanza kuzungumza.

Ulizungumza taratibu, huku ukifanya kazi, kama mtu anayechambua maharagwe. "Fundi, ukimaliza Benta atakupa chai huko huko nje. Halafu uende." Tik. "Wayua hatakwenda nawe." Tik. "Nilisema atakwenda, ili uje. Sasa umekuja." Tik. "Karani wa shamba ameniuliza habari zake. Ana viatu viwili, yule karani. Jozi mbili. Na mtoto akiugua atakuwa nyumbani, kwa sababu ofisi yake iko pale ng'ambo ya mfereji." Tik. "Mtoto ni mdogo. Atajifunza kumwita baba." Tik. "Hata sasa hakujui." Tik.

Kumi na mbili.

Kidole changu kilikuwa kimesimama ukutani, kikingojea ya kumi na tatu. Haikuja. Nilisikia ukipumua kwa mdomo. Nilisikia ukiufuta mkono kwenye nguo.

"Nimelegeza," ulisema.

"Mpaka mwisho, mama?"

"Nimesema nimelegeza."

Sikio langu lilikuwa ukutani. Hendeli haikutikisika. Hendeli iliyolegea husema chaka-chaka, hata ukiigusa kwa pumzi. Hii ilikuwa kimya kama mtu aliyekunja ngumi. Kumi na mbili, na zilihitajika arobaini. Nilijua. Usinisingizie kwamba sikujua, na mimi sitajisingizia. Nilijua jinsi ninavyojua jina la mtoto wangu.

Hasira hasara, wanasema. Lakini wanaosema hivyo hawajawahi kuionja ikiwa bado tamu. Ilinijaa kinywani. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Nilikuwa na muda wa kusema kumi. Jua lilikuwa linaingia kwa tundu, na nikaona kwamba bega langu bado linazuia kidogo, basi nikasogea tena, ili uone vizuri.

"Sawa, mama," nikasema. "Sasa toa zile skrubu mbili za Gavana."

*

Ya kwanza ilitoka. Nilisikia ikidondoka kwenye kifuniko cha sufuria.

Ya pili ikatoka.

Ishirini na nane zilizobaki zilitoka zote pamoja.

Sitaeleza sauti ile. Wewe ulikuwa nayo usoni, huhitaji kuelezwa na mtu aliyekuwa amekaa nje juani. Nitasema tu kwamba magurudumu yalilia, kopo likafunguka, kifuniko chake kikapiga bati la paa, na ule mkanda wa chuma ulirefuka ndani ya nyumba ndogo ukitafuta mahali pa kwenda. Halafu wewe ukapiga yowe. Halikuwa yowe la mama mkwe. Lilikuwa la mtoto.

Nilikimbia. Nilizunguka nyumba, nikafika mlangoni, mguu wangu mmoja ukafika kizingitini. Na pale nikasimama.

Nthoni ilinisimamisha. Ndivyo watu walivyosema. Nilisimama kizingitini nimeupa mlango kisogo, nikapiga kelele, "Benta! Benta!" na wewe ulikuwa sakafuni hatua tatu nyuma yangu, ukisema "Aiya, aiya, aiya," chini chini, na nikakuacha useme. Benta alichelewa. Alikuwa ameenda kuanua nguo. Ningeweza kuingia. Mungu gani, wazee gani, wangenilaumu? Lakini kama ningeingia ningeona nilichofanya, kwa hiyo nikaikumbatia heshima kwa mikono miwili, nikasimama nayo mlangoni mpaka watu wakafika.

Walinisifu, unajua? Mpaka leo wananisifu. Wanasema: angalia kijana yule, hata kwenye damu hakumvunjia mama mkwe heshima.

*

Daktari wa Thika alishona mkono. Jicho la kushoto hakuwa na la kulifanyia.

Wazee waliketi. Walipanga maneno, wakayapanga tena. Fundi alikuelekeza? Alinielekeza, ukasema. Alikwambia ulegeze mpaka mwisho? Aliniambia. Alikuuliza kama umelegeza? Aliniuliza. Nawe ulijibu nini? Nilisema nimelegeza, na sikuwa nimelegeza. Basi, wakasema, yeye alikuwa nyuma ya ukuta, angeonaje? Na mmoja wao, mzee mwenye meno mawili na huruma isiyofika mawili, akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wengine wakaitikia.

Nilikuwa nimekaa mbali, kama inavyotakiwa, chini ya ukingo wa paa la Benta. Maneno yalinifikia kwa vipande. Nilingoja utaje. Sijui nilingoja utaje nini, maana ungejuaje? Lakini moyo wa mwenye hatia hungoja tu.

Ulichosema mwishoni kilinifikia chote. Ulisema: "Mpeni mke wake. Kijana alikuja kunisaidia, nami nilimdanganya kwa mdomo wangu. Wayua arudi kwake na mtoto. Na alete mbuzi na blanketi, tumalize hii nthoni. Nimebaki na jicho moja, nataka kulitumia kumwona mkwe wangu."

Wayua alilia, akanishika mkono hadharani. Alisema, pole, Baba Mukonyo, nilikudhania vibaya. Nikamwambia si kitu. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokuwa nimekifuata.

*

Nilileta mbuzi. Nilileta blanketi jekundu lenye mistari myeusi. Mbuzi alichinjwa, watu wakala, wanawake wakaimba kidogo, na wewe ukatoka nyumbani ukitembea polepole, ukaja ukaketi mbele yangu.

Ulikuwa mdogo. Sauti yako ilikuwa imenidanganya miaka yote ile. Nilifikiri wewe ni mwanamke mkubwa. Ulikuwa na mikono ya msichana, mmoja una mshono. Ulikuwa na kovu lililoanza kwenye nyusi likashuka, na mahali pa jicho ngozi ilikuwa imejikunja, ikaziba. Jicho lingine lilikuwa la Wayua. Sikuwa nimejua kwamba macho ya Wayua yana mahali yalipotoka.

Nilikutandazia blanketi magotini. Watu wakapiga vigelegele, wakarudi kwenye nyama. Tukabaki wawili, bila ukuta.

"Baba Mukonyo," ulisema. Ulikuwa umenirudishia jina. Nikainama kwa shukrani.

"Naam, mama."

"Kidole chako."

"Kidole gani, mama?"

"Cha ukutani." Ulisema kwa sauti ya chini, ya upole, ukinyoosha pindo la blanketi. "Kila nikirudisha hendeli, kidole chako kiligonga. Ukuta wangu ni mwembamba. Kiligonga mara kumi na mbili, kisha kikasimama. Mkono wangu ulikuwa umechoka, nami nikaona aibu kukuambia. Nikadanganya. Lakini nikajisemea moyoni: si kitu, fundi anahesabu. Fundi ataniambia."

Watu walikuwa wakicheka karibu na moto. Mtu alimtania Benta, Benta akajibu.

"Nikangoja uniambie," ulisema. "Ukaniambia nitoe skrubu."

Nikakitazama kidole changu, kile cha ukutani, nikakificha chini ya pindo la blanketi.

"Hakukuwa na karani yeyote," ulisema. "Nilitaka uumie kidogo tu. Kadiri alivyoumia mtoto wangu zile siku tatu. Kidogo tu, kisha nikupe chai, nikupe mke wako." Ulikohoa, nikakijua kikohozi. "Wayua hajui. Kwangu hatajua. Mchukue. Na kinanda kichukue pia, kitengeneze, kikae kwako. Mimi nitakuwa nakuja Jumapili baada ya kanisa, kumsikiliza Mwanzia."

Ukaniwekea mkono kichwani, ule wenye mshono. Watu wakaona. Wakasema, tazama jinsi mama anavyombariki.

*

Kilinichukua wiki tano. Springi mpya niliipata Nairobi, na ni nzuri, sikuibadilisha. Magurudumu niliyanyoosha jino moja moja kwa tupa ya Jeconia. Gavana nilimwosha kwa mafuta ya taa, nikampaka tone moja, nikapangusa nusu ya tone. Kinanda cha Mwanzia ndicho kinanda kinachoimba vizuri kuliko vyote kati ya Thika na Ruiru, na mimi ndimi mtumwa wake.

Kwa sababu kinanda hakitengenezwi mara moja. Wanaodhani hivyo hawajawahi kuwa nacho. Kila wiki kinataka sindano mpya. Kila mwezi kinataka mafuta. Mvua ikinyesha mbao zinavimba na mkono wa sindano unainama. Kiangazi kikija vumbi linaingia, hata ufunge dirisha, hata ufunike na nguo mbili. Nikikiacha wiki moja kitaanza kukwama. Kikianza kukwama utauliza kwa nini. Basi sikiachi. Wayua ananicheka, anasema nimekioa.

Unakuja kila Jumapili. Wayua anakupa kiti cha karibu na dirisha na chai ya maziwa mengi. Mukonyo anakupanda magotini. Anakupenda kuliko anavyonipenda mimi, na ana haki. Siku moja aliingiza kidole chake kidogo kwenye lile kunjo la jicho lako, akitafuta kitu, na wewe ukaniangalia kwa lile lililobaki mpaka akamaliza kutafuta.

Jua la mchana huingia kwa dirisha letu la Makongeni. Hakuna tundu hapa, hakuna ufito uliooza. Mwanga unaingia wote, na vumbi linaingia nao, jekundu, linapanda na kushuka bila haraka juu ya kinanda, juu ya mikono yangu, juu ya sehemu ya uso wako isiyoliona. Nafuta santuri kwa flana. Natia sindano mpya. Nashika hendeli.

"Hesabu, Baba Mukonyo," unasema. "Kwa sauti, nisikie."

Wayua anatabasamu. Anadhani ni mchezo wetu, mchezo wa mkwe na mama mkwe waliopatana. Mukonyo ameshajifunza, anahesabu pamoja nami akipiga makofi. Moja. Mbili. Tatu. Tunakwenda hivyo, mimi na mtoto wangu, sauti nzito na sauti nyembamba. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Hapo nasimama. Kila Jumapili nasimama, sijui kwa nini, na kila Jumapili mtoto anainua uso kunitazama, viganja vyake vimebaki wazi, vumbi likipita kati yake.

Unageuza jicho lako kwangu. Unaweka kikombe chini.

"Endelea, fundi," unasema. "Zimebaki ishirini na nane."